Siku Mbili Nikiilaumu Kompaila Isiyohusika

Kisanduku chenyewe kinaenea kiganjani. Ndani yake kuna bodi yenye prosesa ya aina ya ARM, mahali pa kuchomeka laini ya simu, na nyaya mbili zinazokwenda kwenye mita ya maji. Kila robo saa kinasoma mita, kinatuma tarakimu, kinarudi kulala. Aliyetuuzia alituachia pia kifurushi cha msimbo wa keneli ya Linux, ule moyo wa mfumo unaoongoza kifaa, toleo la 4.9, na mwongozo wa kurasa sita ambao ukurasa wa kwanza ni jalada na wa mwisho ni mtupu. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo hata nikaona aibu kuiita kazi: washa kiendeshi cha modemu mpya kwenye usanidi, jenga keneli upya, iweke kwenye visanduku. Bosi akaniuliza itachukua muda gani. Nikamjibu, "Kesho mchana unayo."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimefuta kila kitu kwenye laptopu na kuweka mfumo mpya kabisa. Hilo sikulihesabu. Kwangu laptopu ilikuwa jiko tu; wali ni uleule. Nikaandika amri ya kujenga, nikatoka kwenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta hivi:

```
  HOSTLD  scripts/dtc/dtc
/usr/bin/ld: scripts/dtc/dtc-parser.tab.o: multiple definition of `yylloc';
scripts/dtc/dtc-lexer.lex.o: first defined here
```

Kwa asiyezoea lugha hii: linka, ile programu inayounga vipande vya msimbo uliokwisha kutafsiriwa, inalalamika kwamba kitu kiitwacho yylloc kina mafaili mawili yanayodai kukimiliki. Kisha inagoma.

Msimbo ule sikuugusa. Ulikuwa umejengeka miaka mitatu mfululizo kwenye laptopu ileile. Basi nikafanya anachofanya kila mtu, nikailaumu kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine. Na kwa kuwa keneli ni ya ARM, nikailaumu kompaila ya ARM. Nikapakua GCC, ndiyo kompaila yenyewe, ya ARM ya toleo la chini yake. Kosa lilelile. Nikashuka tena toleo moja, na jingine. Bando la mchana likaisha, nikasubiri la usiku. Umeme nao ukakatika mara mbili, na mara ya pili betri ya laptopu ikanionyesha kwamba uzee hauna dawa. Kufikia usiku wa pili nilikuwa na kompaila nne za ARM na kosa moja ambalo halikubadilika hata herufi.

Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Ukibadilisha mshukiwa mara nne na ushahidi ukabaki uleule, uwezekano mkubwa ni kwamba mshukiwa wako hakuwepo kabisa eneo la tukio. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda kurudia jambo analolijua kuliko kufikiri.

Nikampigia dada mmoja niliyesoma naye chuo, siku hizi yuko Ujerumani anafanya kazi za mifumo midogo ya namna hii. Nikaanza kumsomea kosa kutoka pale penye "multiple".

"Hapana, mdogo wangu," akanikatiza. "Anza mstari wa kwanza."

"HOSTLD..."

"Ishia hapohapo. Umeona neno HOST? Huyo ni mwenyeji. Kompaila yako ya ARM bado haijaitwa hata mlangoni."

Nilikaa kimya muda ambao kwa simu ya kimataifa ni ghali.

Mwenyeji na mgeni

Nilichosahau, nami nikijiona fundi, ni kwamba keneli haijengwi na kompaila moja. Kabla msimbo wa ARM haujaguswa, mfumo wa ujenzi hutengeneza kwanza vifaa vyake vya kazi: programu ndogondogo zinazosoma usanidi, zinazochambua majedwali, zinazotafsiri mti wa vifaa. Hizo zinatakiwa zikimbie hapa hapa kwenye laptopu, kwa hiyo hujengwa na kompaila ya laptopu. Kwenye orodha inayopita skrini utaona HOSTCC na HOSTLD kwa kazi za mwenyeji, CC na LD kwa kazi za mgeni, yaani zile zitakazokwenda kwenye kisanduku. Herufi nne tu mwanzoni mwa mstari. Nimeziona maelfu ya mara, na macho yangu yalikuwa yameshazoea kuziruka kama tunavyoruka maneno madogo yaliyo chini ya tangazo la mkopo.

Programu iliyogoma, dtc, ndiyo mtafsiri wa mti wa vifaa: lile faili linaloiambia keneli ya ARM kwamba kwenye bodi hii kuna modemu hapa, saa pale, kumbukumbu kiasi fulani. Ni programu ya mwenyeji mia kwa mia. Mfumo mpya wa laptopu yangu ulikuja na GCC 10. Ule wa zamani ulikuwa na toleo la chini yake. Basi.

GCC 10, iliyotoka Mei 2020, ilibadilisha jambo moja la kimyakimya. Katika lugha ya C, ukiandika nje ya fanksheni yoyote jina la kigeu bila kukipa thamani, hujakifafanua moja kwa moja. Umeweka kama nia tu. Kwa miaka mingi kompaila za Unix zilikuwa zikizichukua nia hizo na kuziweka kwenye fungu la pamoja, mtindo uliorithiwa kutoka Fortran na vitalu vyake vya COMMON. Mafaili mawili yakiweka nia kwa jina moja, linka iliyaunganisha bila kelele. Ilikuwa kama mjumbe wa nyumba kumi anayekuta watu wawili wamejiandikisha kwenye kiwanja kimoja akasema, haya, laleni humo wote. GCC 10 ikaacha ujumbe huo. Swichi ya `-fno-common` ikawa ndiyo hali ya kawaida, na kila nia ikahesabiwa kuwa umiliki kamili. Wamiliki wawili, kiwanja kimoja: nendeni mkapatane kwanza.

Na wamiliki wawili walikuwepo kweli. Faili la `dtc-lexer.l` lilikuwa na mstari huu:

```
YYLTYPE yylloc;
```

Faili la pili, lile la kuchambua sarufi, huzalishwa na programu ya Bison, nayo Bison huweka yylloc yake yenyewe. Ule mstari wa kwanza ulikuwa wa ziada tangu siku ulipoandikwa. Haukuwahi kuwa na kazi. Hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Nikaufuta. Nikajenga. Kosa lilelile, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo nilipotaka kuamini uchawi. Ilinichukua saa nyingine nzima kugundua kwamba katika keneli za umri ule faili la `.l` ni la kuangalia tu. Ili mtu asilazimike kuwa na Flex na Bison, zana zinazozalisha mafaili hayo, kwenye mashine yake, waandishi walikuwa wakiweka pembeni matokeo yaliyokwisha kuzalishwa, yakiwa na mkia wa `_shipped`, na mfumo wa ujenzi ulikuwa ukinakili hayo. Nilikuwa nimerekebisha mapishi huku wali ukitoka kwenye hotipoti ya jana. Desturi hiyo kwa dtc ilikoma mwaka 2018 keneli ilipofika 4.17, lakini yangu ilikuwa 4.9. Nikafungua `dtc-lexer.lex.c_shipped`, nikatafuta mstari uleule, nikaufuta, nikajenga. Dakika kumi na tisa baadaye keneli ilikuwa mezani.

Ningeweza pia kuandika `HOSTCFLAGS=-fcommon` kwenye amri na kurudisha mjumbe wa zamani kazini. Watu wengi hufanya hivyo, na kwa dharura siwalaumu. Ila swichi inayoishi kwenye historia ya terminali ya mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapofuta laptopu yake, na mimi nilikuwa nimetoka kuonja matokeo ya kufuta laptopu.

Kelele za kila msimu

Tangu siku hizo nimekuwa na ugonjwa wa kukusanya makosa ya namna hii kama wengine wanavyokusanya stempu. Mengine ni mepesi hadi yanachekesha. Keneli za zamani, kabla ya 4.2 ya mwaka 2015, zilikuwa na faili la heda, lile la maelezo ya pamoja linaloingizwa kwenye mafaili mengine, kwa kila toleo kubwa la GCC: `compiler-gcc3.h`, `compiler-gcc4.h`. Jina lilikuwa likiundwa kwa namba ya kompaila iliyopo. Ukichukua keneli ya 3.4 leo na kompaila ya kisasa, itatafuta heda yenye namba ambayo siku ile hata waandishi wa GCC hawakuwa nayo kichwani, na itakwama kwenye faili la kwanza kabisa. Ni kama fomu ya zamani iliyochapishwa "19__" sehemu ya mwaka.

Mengine yanatoka kwa watengenezaji wa distro, yaani mifumo ya Linux iliyofungashwa tayari, si kwa kompaila. Ubuntu 16.10, na baadaye Debian 9, ziliamua kwa sababu za usalama kwamba kila programu ijengwe iweze kukaa popote kwenye kumbukumbu. Wazo zuri kwa kivinjari. Keneli ya x86, yaani ya prosesa za kompyuta za kawaida, yenyewe hukaa mahali maalumu na hutumia mtindo wa anwani ambao haupatani na jambo hilo, kwa hiyo `kernel/bounds.c`, moja ya mafaili ya mwanzo kabisa kujengwa, likawa linakataa kwa ujumbe kwamba mtindo wa keneli hauwezi kwenda na PIC, yaani msimbo unaoweza kukaa popote. Mtu akifungua `bounds.c` haoni kosa lolote. Ni faili dogo la kuhesabu namba chache. Kosa lilikuwa kwenye swichi ambayo hakuna aliyeiandika popote, iliyoingia kwa sababu kompaila yenyewe ilikuwa imejengwa ikiwa nayo.

Halafu kuna maonyo. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliamua kwamba kuanzia keneli ya 5.15 onyo lolote la kompaila lihesabiwe kuwa kosa na kusimamisha ujenzi. Kelele zilizofuata zilifanya uamuzi huo upunguzwe makali ndani ya siku chache tu, ukabaki kuwa hali ya kawaida kwa wale wanaojenga kwa ajili ya majaribio. Naelewa pande zote mbili. Onyo lisilosimamisha kazi halisomwi. Nami ni shahidi, nina logi zenye maonyo mia tatu ambayo sijawahi kuyatazama. Lakini ukigeuza maonyo kuwa makosa, kila toleo jipya la GCC linalojifunza kuonya jambo jipya linavunja kila keneli ya zamani iliyokuwa ikijengeka vizuri jana.

GCC 12 ilikuja ikiwa imejifunza kufuatilia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Ikavunja vifaa vya keneli vilivyoko chini ya `tools/lib/subcmd`, kwenye fanksheni ndogo ya kuongeza ukubwa wa kumbukumbu. Fanksheni ilikuwa inasema hivi: jaribu `realloc`, ikirudi mikono mitupu na ukubwa ulioombwa ni sifuri, jaribu tena kwa baiti moja kwa kielekezi kilekile, yaani anwani ileile ya kumbukumbu. Nilipoona ujumbe huo mara ya kwanza nilitukana kidogo. Nikasoma tena polepole. `realloc` kwa ukubwa wa sifuri kwenye maktaba ya glibc huachia kumbukumbu na kurudisha sifuri. Kwa hiyo jaribio la pili lilikuwa linagusa kitu kilichokwisha kuachiwa. Kompaila ilikuwa sahihi, mimi na mwandishi wa awali tulikuwa tumekosea, na msimbo ule ulikuwa umekaa hivyo kwa miaka.

Toleo hilohilo la GCC lilikuwa na onyo jingine, la mipaka ya safu, lililokuwa likilalamika mahali pasipo na tatizo. Keneli ikalizima kwa GCC 12 mwaka 2022. Nalitaja ili nisionekane nimeokoka na kuiabudu kompaila.

Neno lililochukuliwa na sheria

Kosa ninalolipenda kuliko yote ni la GCC 15, iliyotoka Aprili 2025, kwa sababu lilinifundisha kusoma amri nzima badala ya kosa peke yake.

Nilikuwa najenga keneli ya 6.6 kwa ajili ya laptopu, si ya kazini. Mafaili mengi yalipita salama. Mwishoni kabisa, pale ninapoanzaga kujipongeza, ikasimama kwenye `include/linux/stddef.h`, kwenye mstari ambao upo miaka nenda rudi:

```
enum {
	false = 0,
	true = 1
};
```

Kompaila ikasema `false` ni neno la lugha, huwezi kulifanya jina lako. Sababu ilikuwa rahisi kuipata: GCC 15 imehamia C23, toleo jipya la kanuni za lugha ya C, kama kiwango cha kawaida, na katika C23 maneno `bool`, `true` na `false` yamechukuliwa na lugha yenyewe. Kama mtaa ulioamka asubuhi na kukuta jina lake sasa ni la wilaya.

Lakini subiri. Keneli haitegemei kiwango cha kawaida. Tangu 5.18 ya mwaka 2022 inaiambia kompaila waziwazi itumie `-std=gnu11`, kiwango cha zamani zaidi; kabla ya hapo ilikuwa `gnu89`. Na heda ile imejumuishwa karibu kila mahali. Kama `false` ni tatizo, ingekwama kwenye faili la kwanza. Kwa nini maelfu yapite, halafu likwame lililo karibu na la mwisho?

Zamani ningebadilisha kompaila. Safari hii nikaongeza `V=1` kwenye amri ya make, programu inayoendesha ujenzi, na hiyo huifanya ichapishe kila amri ya kompaila kwa urefu wake wote badala ya ule muhtasari wa herufi mbili. Nikachukua amri ya faili lililopita, nikachukua amri ya faili lililokwama, nikaziweka sambamba. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama foleni ya mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Ya pili ilikuwa fupi. Na katika ile fupi, `-std=gnu11` haikuwepo.

Lililokwama lilikuwa ndani ya `arch/x86/boot/compressed`. Hicho ni kipande kidogo kinachokimbia kabla ya keneli: picha ya keneli hubanwa ili iwe ndogo, na kipande hiki ndicho kinachoifungua ikishapakiwa. Kinaishi katika mazingira magumu, hakuna huduma yoyote ya keneli, kwa hiyo Makefile yake, faili la maelekezo ya ujenzi, hufuta orodha nzima ya swichi na kuanza orodha mpya safi. Walioiandika walikumbuka kila swichi ya hatari. Hawakuwa na sababu ya kukumbuka kiwango cha lugha, maana wakati ule kiwango cha kawaida cha kompaila hakikuwa na ugomvi na msimbo. Marekebisho, ambayo wenye keneli walikuwa wameshayaweka mwanzoni mwa mwaka huo, ni kuongeza `-std=gnu11` katika orodha zile fupi. Maneno machache, sehemu chache.

Siku hizi kosa likitokea kwenye faili moja kati ya maelfu, sianzi kwa kuuliza faili hilo lina nini. Nauliza limeitwaje.

Siku kompaila ilipokuwa na hatia

Msomaji atadhani najenga hoja kwamba kompaila haikosei. Inakosea. Ila inapokosea kwa kweli, kwa kawaida haikuambii.

Julai 2014 watu walianza kuripoti keneli zinazoganda au kuanguka ovyo ndani ya `load_balance`, fanksheni ya mpangakazi inayogawa mzigo kati ya prosesa. Torvalds alisoma asembli, yaani amri za prosesa, iliyotolewa na GCC 4.9.0 na kuona amri mbili zikiwa zimepinduliwa: kompaila ilikuwa inahifadhi thamani kwenye staki, lile rundo la kumbukumbu la muda, kwanza, halafu ndipo inashusha kielekezi cha staki kujitengea nafasi. Kwa programu ya kawaida ya x86-64 hilo lingesameheka, kwani chini ya kielekezi kuna eneo dogo ambalo mfumo umeahidi kutoligusa. Keneli haina ahadi hiyo. Usumbufu wa kifaa, yaani ishara inayoikatiza prosesa, ukiingia katikati ya amri zile mbili, huandika juu ya thamani uliyohifadhi. Keneli hujengwa kwa swichi inayosema wazi kwamba eneo hilo halipo, na kompaila ilikuwa imeipuuza.

Kilichonishangaza ni chanzo. Hitilafu ilitokana na ufuatiliaji wa vigeu kwa ajili ya taarifa za utatuzi. Yaani kule kuomba kompaila iandike maelezo ya kusaidia kutafuta makosa ndiko kulikobadilisha mpangilio wa amri na kuzaa kosa. Keneli ikaongeza `-fno-var-tracking-assignments`, na kiraka hicho kikawahi keneli ya 3.16.

Kwenye ARM kulikuwa na ndugu yake. GCC 4.8.0 hadi 4.8.2 zilikuwa zikirudisha kielekezi cha staki kabla ya kumaliza kusoma kilichokuwa ndani yake. Matokeo yake yalikuwa mifumo ya mafaili kuharibika. Walipoligundua, watunzaji wa ARM waliweka ukaguzi ndani ya `arch/arm/kernel/asm-offsets.c`: kompaila ikiwa kati ya hizo, ujenzi ukatishwe makusudi kwa ujumbe kwamba kompaila yako ni mbovu mno. Nimewahi kukutana na mtu aliyefuta mistari ile ili ajenge haraka. Sikumwuliza kadi zake za SD ziliishia wapi.

GCC 10, ileile iliyonitesa na yylloc, ilileta pia tukio ambalo hadi leo sijui nimpe nani hatia. Keneli za x86 zilijengeka bila onyo, zikaanza kuwaka, zikaanguka kwenye `start_secondary`, fanksheni inayoamsha prosesa za pili. Fanksheni hiyo hupanda yenyewe, katikati ya mwili wake, ile namba ya ulinzi inayokaguliwa mwishoni ili kujua kama staki imechezewa. Haikuwa na shida kwa sababu haifiki mwisho. Wito wake wa mwisho haurudi. GCC 10 ikaona wito wa mwisho unaweza kugeuzwa kuwa mruko, na kabla ya kuruka ikakagua namba. Namba iliyoingia nayo na iliyopo sasa zikatofautiana. Kengele ikalia: staki imeharibiwa! Hakuna aliyeiharibu. Kiraka kilichokubalika kina kichwa cha habari kinachosema kwamba hilo ni jaribio la tatu, na tiba yake ni kuweka kizuizi cha kumbukumbu baada ya wito ambao haurudi, ili tu kompaila isiuone kuwa wa mwisho. Kompaila ilikuwa na haki ya kufanya ilichofanya. Keneli nayo ilikuwa na haki ya kushangaa.

Unathibitishaje hatia? Kwa uvumilivu ambao mimi ninao kwa vipindi. Kwanza usilinganishe vitu viwili tofauti bila kujua: tangu keneli ya 4.18 usanidi wenyewe huuliza kompaila inaweza nini, kwa hiyo ukibadilisha kompaila faili lako la `.config` linaweza kubadilika nyuma ya mgongo wako. Nimewahi kutumia jioni nzima kulinganisha GCC mbili kumbe nalinganisha keneli mbili. Kuna `scripts/diffconfig` kwa kazi hiyo. Kisha tengeneza faili la `.i`, make hulitoa ukiliomba kwa jina. Hilo ni msimbo wako baada ya heda zote kumiminwa ndani, halihitaji tena mti wa keneli, unaweza kulipa kompaila yoyote. Arnd Bergmann, mmoja wa wasanidi wa keneli, ameweka kwenye kernel.org kompaila zilizokwisha kujengwa kwa aina nyingi za prosesa na matoleo mengi. Unafungua kifurushi na kutumia. Faili la mistari elfu hamsini unaweza kulikabidhi kwa C-Reduce au C-Vise, lipunguzwe usiku kucha hadi ibaki mistari kumi ambayo bado inaonyesha kosa. Mistari kumi hiyo ndiyo unayoweza kumpelekea mtu wa GCC bila kuona haya.

Kwa upande wa keneli kuna `git bisect`, amri inayoigawa historia ya mabadiliko nusu kwa nusu hadi kulipata lililoleta kosa, nami hapo nina ushauri mmoja wa mtu anayenunua bando. Ukinakili hazina ya keneli kwa `--depth 1` utaokoa gigabaiti kadhaa, na utakuwa umejinyima historia yote ambayo bisect hutembea juu yake. Nilijua hilo nikiwa nimeshafika hatua ya kuihitaji, saa tano usiku. Nakili yote mara moja, usiku mmoja wa bando la bei nafuu, ukiwa ofisini kama kuna mtandao wa bure ni bora zaidi, halafu uitunze kama hati ya nyumba.

Turudi kwenye visanduku. Modemu mpya ilitambulika, mita zikasomwa, bosi akapokea kazi siku mbili baada ya ile kesho yangu mchana. Nikatuma kiraka changu kwa aliyetuuzia, mistari miwili iliyofutwa kwenye mafaili mawili, pamoja na maelezo ya adabu. Sikujibiwa. Baadaye nilipopekua historia ya mradi wa dtc nikakuta mstari ule uliondolewa huko Januari 2020, miezi minne kabla GCC 10 haijatoka. Ukaondolewa kwenye keneli kuu 5.6, na pia kwenye 4.9 iliyokuwa ikitunzwa rasmi, wakikumbuka hadi lile faili la `_shipped`. Mti wa muuzaji ulikuwa umegandishwa kabla ya hapo.

Mwaka huu wametoa kifurushi kipya chenye nembo mpya na mwongozo wa kurasa nane. Nilikifungua, nikautafuta mstari ule kwa grep. Mstari upo. Skripti yangu ya ujenzi inaubandua yenyewe kabla ya kuanza.